Picha Safi, Mkono Mgonjwa: Kisa cha Mwendeshaji Boda na Mfupa Uliojificha

Picha ya kwanza niliipiga mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu uchambuzi wa kisa unaoanza kwa kumficha aliyeshika mtambo haumfai mtu yeyote. Kwenye pembe ya picha ile kuna herufi nyeupe ya madini ya risasi inayoonyesha kwamba ni mkono wa kushoto, na ubavuni mwake zimo herufi mbili za jina langu. Wapiga eksirei wengi tuna alama zetu. Tunaziweka kando ya kiungo kabla ya kubonyeza, ili ijulikane ni upande gani na nani alipiga.

Mgonjwa alikuwa kijana wa miaka 26, mwendeshaji wa boda boda, mkaazi wa Umoja hapa Nairobi. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Alikuwa amembeba mama mmoja na gunia la viazi kutoka soko la Mutindwa, tairi la mbele likateleza kwenye tope, pikipiki ikalala upande wa kushoto. Yule mama alitoka na mchubuko wa goti. Kijana alijikinga kama ambavyo kila mtu hujikinga: alitupa mkono mbele, kiganja wazi, uzito wote ukaangukia kwenye kifundo kilichopinda kwa nyuma. Haya yote niliyajua miezi mitano baadaye. Siku ile fomu iliyonifikia ilisema tu: eksirei, kifundo cha mkono, kushoto.

Benchi lilikuwa limejaa, kama kawaida ya Jumatatu. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyemeza sarafu ya shilingi tano, mama yake akimpapasa mgongo bila kuacha. Mzee mmoja alikuwa na kikohozi cha wiki sita. Mwalimu wa kike alikuwa ameteguka mguu kwenye ngazi za shule, na kwake kabla ya yote ilibidi nimuulize kwa sauti ya chini kama huenda ana mimba. Hakuwa nayo. Wagonjwa hao, pamoja na kijana wa boda, wangetosha kumweleza mgeni kazi ya eksirei: kutafuta kilichomezwa kimekwama wapi, kutazama mapafu, kukagua mifupa. Nilimtanguliza mtoto, na kwa haki. Sarafu ilionekana kifuani ikiwa mduara kamili, na picha ya ubavuni ikathibitisha kwamba iko kwenye umio, nyuma ya njia ya hewa. Ingalikuwa betri ndogo ya saa, tungalikimbizana na dakika, maana betri iliyokwama kwenye umio huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili.

Kisha akaingia kijana. Nikampiga picha mbili, moja kiganja kikiwa kimelala kwenye kipokezi, nyingine mkono ukiwa umesimama kwa ubavu. Zilitoka vizuri. Hakutikisika, mwanga haukuzidi wala kupungua, kingo za mifupa zilikuwa kali kama zimechorwa kwa kalamu. Alipokuwa akivaa jaketi lake alinigeukia.

"Mama, iko aje?"

"Picha iko safi, kijana wangu. Ngoja hapo nje, utaitwa."

Maneno hayo matatu ndiyo kiini cha kisa hiki. Katika chumba chetu, picha safi ni picha iliyopigwa vyema, isiyohitaji kurudiwa. Kwa mtu anayeuguza mkono, picha safi ina maana mkono ni mzima. Nililitumia neno la kazini mbele ya mtu asiyefanya kazi hiyo, nami sikusikia nilichokuwa nimesema. Tabibu naye alizitazama picha mbili, hakuona ufa, akamwandikia dawa za maumivu na bandeji ya kuvuta, akamwambia hakuna kilichovunjika. Kijana akatoka na kauli mbili zinazolingana. Nani angebisha?

Ili kuelewa jinsi picha safi ilivyoweza kukaa juu ya mfupa uliopasuka, lazima turudi kwenye maana yenyewe ya eksirei. Tarehe 8 Novemba 1895, mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Röntgen alikuwa mjini Würzburg akichunguza umeme unaopita ndani ya mrija wa kioo, akaona bamba lililopakwa kemikali likimeremeta mbali kidogo, ilhali mrija ulikuwa umefunikwa kwa karatasi nyeusi. Kitu kilikuwa kinapenya. Akakiita X, kama mwanafunzi wa hesabu anavyoandika X mahali pa namba asiyoijua. Tarehe 22 Desemba akaweka mkono wa mkewe, Anna Bertha, juu ya bamba la picha, na mambo yote ya msingi yakajitokeza katika mkono huo mmoja. Nyama zilikuwa ukungu, mifupa ilikuwa wazi, na pete ilionekana imekoza kuliko vyote. Mionzi ilikuwa imepita kwenye nyama bila taabu nyingi, ikazuiwa zaidi na mfupa, na dhahabu ikaizuia kabisa. Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Mtambo wetu leo ni wa kisasa lakini ubongo wake ni ule ule. Ndani ya mrija usio na hewa, waya hupashwa moto hadi ukamwaga elektroni, zikasukumwa kwa nguvu ya umeme (kwa kifundo cha mkono ni kama volti elfu 50 hadi 60) zikagonga bamba la tungsteni. Karibu nguvu yote ya mgongano huo huishia kuwa joto, na isiyofika asilimia moja tu ndiyo hutoka ikiwa mionzi. Mionzi hiyo ni ya jamaa moja na mwanga wa taa, ila mawimbi yake ni mafupi mno na nguvu yake ni kubwa kiasi cha kupenya mwili. Mfupa huizuia kwa sababu ya kalsiamu. Hewa ya mapafu huiachia karibu yote, ndiyo maana mapafu huonekana meusi. Picha ya eksirei, basi, ni kivuli. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba kivuli hulaza vitu vyote juu ya karatasi moja: cha mbele na cha nyuma hukaa mahali pamoja.

Nilikulia katika nyumba ya mbao. Kati ya mbao mbili za upande wa jikoni palikuwa na mwanya mwembamba. Ukisimama sawasawa na mlango uliona taa ya jirani kupitia mwanya ule, tena waziwazi. Ukisogea hatua moja kushoto, ukuta ulikuwa mzima, hakuna taa, hakuna mwanya. Ufa mwembamba katika mfupa ni hivyo hivyo. Mionzi ikipita sambamba na ufa, mstari mweusi utaonekana. Ikiupita kimshazari, upande mmoja wa mfupa unafunika mwanya wa upande mwingine, na kwenye picha hakuna kitu. Ufa upo pale pale. Aliyesogea ni mtazamaji.

Sasa tazama mfupa wenyewe. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, imepangwa safu mbili kama kokoto. Mmoja wao, ulio chini ya kidole gumba, huitwa skafoidi. Ukubwa na umbo lake ni kama korosho. Nyoosha kidole gumba chako kwa nguvu kama unayeomba lifti barabarani, utaona kano mbili zikiinuka kwenye kitako cha kidole, na katikati yake kishimo kidogo. Weka ncha ya kidole cha mkono mwingine ndani ya kishimo hicho ubonyeze. Unagusa skafoidi. Mtu aliyeanguka kwa kiganja, akaruka unapombonyeza hapo, achukuliwe kuwa amevunjika korosho hiyo mpaka ithibitishwe vingine, hata kama picha haionyeshi kitu. Ndio mfupa unaovunjika kuliko wenzake wote wa kifundo, na wanaouvunja hasa ni vijana wa kiume.

Na korosho hiyo haijalala chali ikusubiri. Imeinama. Mkono ukilazwa kawaida kama nilivyoulaza siku ile, skafoidi huonekana imejikunja, fupi, kiuno chake kimefichwa na mwili wake wenyewe. Ili uione kwa urefu ni lazima kiganja kigeuzwe kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na mrija uinamishwe kidogo kuelekea kiwiko. Ni dakika moja ya kazi. Nilijifunza chuoni, nimefanya mara zisizohesabika. Sikuifanya siku hiyo kwa sababu fomu haikuuliza habari za skafoidi, nami sikumuuliza kijana alianguka vipi. Eksirei hujibu swali iliyoulizwa. Tuliiuliza kama mfupa mkubwa wa kigasha umevunjika, ikajibu kweli: haukuvunjika.

Lakini hata ningalipiga picha zile za ziada, huenda ufa usingalionekana. Jambo hili wagonjwa wengi hawaambiwi. Skafoidi iliyopasuka bila kusogea inaweza kukosekana kwenye kila picha ya siku ya kwanza, hata iwe imepigwa na mjuzi gani. Baada ya siku kumi hadi kumi na nne mwili wenyewe husaidia: chembe za mfupa huanza kula kingo zilizokufa za ufa ili kusafisha mahali pa kujenga upya, mwanya unapanuka kidogo, na mstari uliokuwa haupo unajitokeza. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni rahisi hata hospitali ndogo inaumudu. Kishimo kikiuma, mkono ufungwe plasta au banzi la kuushikilia hata kama picha haina ufa, na mgonjwa arudi baada ya wiki mbili akapigwe tena. Skani ya sumaku, MRI, ingetoa jibu mapema zaidi, ila kijana anayelipia pikipiki ya mkopo kila jioni hawezi kuambiwa aanzie huko.

Yeye alifanya nini? Alipumzika siku nne, akarudi barabarani. Maumivu yalipokataa kuisha alikwenda kwa mzee mmoja wa kukanda. Nimewasikia wenzangu wakimlaumu kwa hilo, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyeambiwa na hospitali kwamba hakuna mfupa uliovunjika ana haki ya kuamini kwamba ni msuli, na msuli hukandwa. Sisi ndio tuliomwelekeza kwa yule mzee kwa maneno yetu.

Tatizo ni kwamba skafoidi ina umaskini wa damu. Mishipa mingi inayoilisha huingia upande wa vidoleni na kurudi nyuma kuelekea kigasha. Kiuno kikikatika, kipande cha nyuma hubaki na kiasi kidogo sana cha damu, kama nyumba za mwisho kwenye bomba lililotoboka. Ukikishikilia kwa plasta wiki kadhaa, mara nyingi huunga. Ukiendelea kukivuta na kukisukuma, hakiungi. Na mkono wa kushoto wa mwendesha pikipiki ndio mkono wa klachi. Katika foleni ya Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni, klachi huvutwa na kuachiliwa mpaka mtu hajui tena kama anaivuta.

Alirudi Septemba. Alikuja kwa sababu klachi ilikuwa imemshinda. Alikuwa akiivuta kwa vidole viwili vya mwisho, kidole gumba amekikunja nje, na ngozi ya vidole hivyo viwili ilikuwa imefanya sugu. Safari hii nilimuuliza alianguka vipi kabla sijagusa mtambo. Akanionyesha, akitupa kiganja mbele hewani. Nikabonyeza kishimo. Akauvuta mkono, akauma mdomo.

Nilipomweleza kwamba nataka picha nne, alisita.

"Mama, hizi picha zote hazitanimaliza? Vijana wa steji wanasema zinaua nguvu za kiume."

Swali hilo huulizwa kila wiki, na linastahili jibu lenye hesabu. Picha moja ya kifundo cha mkono humpa mtu mionzi ya takriban milisivati 0.001, pengine chini ya hapo. Kwa wastani wa dunia nzima, binadamu hupokea milisivati 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula, bila kukanyaga hospitali. Picha zake nne, nikamwambia, hazifikii mionzi anayopata kwa siku moja akiwa ameketi stejini. Tena mionzi ilielekezwa kifundoni, na mapajani alikuwa na aproni ya risasi. Sikumwambia kwamba mionzi haina madhara, kwa maana inayo, na ndiyo sababu sheria inatudhibiti na kifuani navaa beji inayopima ninachopokea. Skani ya kompyuta ya kifua inaweza kufika milisivati 7, sawa na mionzi ya asili ya karibu miaka mitatu, kwa hiyo haiombwi kwa kubahatisha. Akauliza, basi mbona wewe unajificha nyuma ya ukuta? Kwa sababu wewe utapigwa mara nne leo, nikamjibu, na mimi nitabonyeza kitufe hiki mara hamsini leo, kesho na kesho kutwa. Akacheka, akalaza mkono.

Kwenye picha ya tatu ilionekana bila shaka. Mstari mweusi ulikata kiuno cha korosho, na kingo zake pande zote mbili zilikuwa zimegeuka nyeupe nzito, laini. Weupe huo ndio habari mbaya. Ufa mpya huwa na kingo kali zenye mparuzo, kama kijiti kilichokatika sasa hivi. Kingo zilizolainika na kuwa nyeupe zinasema mwili ulijaribu kuunga, ukakata tamaa, ukaziba kila upande kivyake.

Jioni nilizifungua zile picha mbili za Aprili. Nilizikuza, nikazitazama nikijua sasa pa kutazama. Ningependa kuandika kwamba niliuona ufa nikajilaumu, au kwamba haukuwapo nikatulia. Nilichoona ni skafoidi iliyojikunja, kiuno chake kimejilaza juu yake mwenyewe, mahali ambapo hakuna jicho lingeweza kusema ndiyo wala hapana. Picha zile hazikusema mkono ni mzima. Zilinyamaza, sisi tukausoma unyamavu wake kama jibu.

Daktari bingwa wa mifupa aliomba skani ya kompyuta ya kifundo ili aone vipande vimekaaje, nayo ni eksirei ile ile, ila mrija unauzunguka mkono na kompyuta inajenga umbo kutoka pande zote, kivuli kisiweze tena kuficha. Wenzake wa steji walichanga. Oktoba akafanyiwa upasuaji. Kingo zilizokufa zilikwanguliwa, kipande kidogo cha mfupa kikachukuliwa nyongani na kupachikwa kwenye pengo, skrubu ikafunga vyote pamoja. Chumbani humo kulikuwa na mtambo wa eksirei wenye mkono uliopinda kama herufi C, ukimwonyesha daktari ncha ya waya hatua kwa hatua. Mzee wa kikohozi, kwa wanaouliza, picha yake ilionyesha shimo juu ya pafu la kulia, lakini eksirei haitaji jina la kijidudu. Makohozi ndiyo yaliyosema kifua kikuu, akaanza dawa.

Kijana alirudi kwangu mara tatu kupigwa picha za kufuatilia. Ya Januari ilionyesha nyuzi nyeupe zikivuka pengo. Ya Aprili, mwaka mmoja kamili tangu aanguke, ilionyesha mfupa mmoja. Amerudi kazini, ingawa kifundo hakipindi nyuma kama zamani na asubuhi za baridi za Julai humkumbusha. Miezi aliyopoteza hakuna aliyemlipa.

Mimi nimebadilisha mambo mawili. Kila anayeingia na mkono nambonyeza kishimo na kumuuliza alianguka vipi, na jibu naliandika kwenye fomu kwa mkono wangu ili tabibu alione. Na sisemi tena picha iko safi. Nasema picha imetoka vizuri, daktari ataisoma, lakini kuna mipasuko ambayo siku ya kwanza haionekani, kwa hiyo kama bado unaumwa baada ya wiki mbili, rudi. Ni sentensi ndefu kwa benchi lililojaa. Naisema hivyo hivyo.

Alipokuja kwa picha ya mwisho aliomba nakala ya ile ya Septemba, yenye ufa, akaiweka kwenye simu. Mwezi Juni akaja mwendeshaji mwingine wa steji ile ile, ameanguka jana yake. Kabla sijamuuliza lolote alinyoosha kidole gumba chake, akagusa kishimo, akakunja uso.

"Mama, ni hapa. Pale pa korosho."

Nikampiga picha nne. Hazikuonyesha ufa. Tabibu alimfunga plasta, nami nikamwandikia tarehe ya kurudi nyuma ya bahasha, siku kumi na mbili mbele. Alirudi siku hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, wa kwanza kwenye benchi.